Kufunga Kontrola ya Breki za Tela kwenye Pikapu: Mwongozo Kamili, Waya kwa Waya

Ukiishi Marekani na kazi yako ni kubeba magari ya mnada, mashine za kukatia majani au vyombo vya watu wanaohama, siku si nyingi utanunua tela lenye ekseli mbili. Muuzaji atakuuliza kama gari lako lina kontrola ya breki. Wengi wetu tulijifunza magari nyumbani, ambako tela la lori linashikwa na breki za upepo, na vitela vidogo vinavyofungwa nyuma ya Land Cruiser ama havina breki kabisa ama vina zile za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linajisukuma mbele na kujibana lenyewe.

Huku mfumo ni mwingine. Ndani ya kila gurudumu la tela lenye breki kuna sumaku ya umeme. Ukiipa umeme inanasa kwenye uso wa drami linalozunguka, inaburutwa nalo, inavuta mkono wa chuma, na mkono huo unasukuma viatu vya breki. Umeme mwingi, breki kali; umeme kidogo, breki laini. Kontrola ni kisanduku kinachokaa chini ya dashibodi na kuamua umeme uende nyuma lini na kwa kiasi gani.

Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo. Majimbo mengi yanadai breki uzito wa tela ukifika pauni 3,000, yaani kilo 1,360 hivi. California inaanzia pauni 1,500 kwa tela za kulala, na Texas inangoja hadi zipite 4,500. Mimi ningefunga hata chini ya hapo, hasa kama pikapu yenyewe ni nyepesi.

Ununue ipi

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni ya muda: kila ukigusa pedali inatuma umeme kwa kiwango ulichokipanga, umeme huo ukipanda taratibu, iwe umegusa kidogo au umekanyaga kwa nguvu zote. Ya pili ni ya uwiano: ina kihisi kinachopima gari linavyopunguza mwendo, na inatuma umeme kwa kadiri hiyo. Tekonsha Prodigy P2 na P3, na Curt TriFlex, ni za uwiano. Ongeza pesa uchukue ya uwiano. Ya muda inafaa kwa tela linalotoka mara moja moja kwa mwezi, barabara tambarare, mzigo uleule.

Kama gari si lako, au hutaki kutoboa chochote, kuna Curt Echo inayochomekwa katikati ya soketi ya gari na plagi ya tela, na kuongozwa kwa simu. Ukichukua hiyo, ruka hadi sehemu ya kupima tela.

Kwanza inama uangalie chini ya dashibodi

F-150, Silverado, Ram au Tundra iliyotoka kiwandani na vifaa vya kuvutia tela mara nyingi ina plagi maalumu ya kontrola, imejificha karibu na pedali au nyuma ya paneli ya chini. Nyingine, hasa za miaka ya karibuni, zina kontrola yake kabisa kwenye dashibodi. Ukiikuta plagi, nunua kipande cha waya kilichotengenezwa kwa ajili ya gari lako, chomeka upande mmoja kwenye plagi na mwingine kwenye kontrola. Umemaliza.

Nasisitiza hili kwa sababu wapo mafundi wanaokata nyaya za gari jipya huku plagi inawatazama. Kwenye magari mengi ya sasa taarifa ya breki inapitia kwenye kompyuta, na ukiunga waya mahali pasipotakiwa unaweza kuwasha taa za hitilafu ambazo itakugharimu kuzizima. Kwenye gari jipya tumia plagi. Hatua zinazofuata ni za gari lisilo na plagi, kwa kawaida pikapu ya zamani yenye soketi bapa ya nyaya nne tu nyuma, ile ya taa peke yake.

Vifaa

Kontrola; saketi breka inayojirudisha yenyewe; waya wa geji 10 wa kutosha kutoka betri hadi dashibodi na kutoka dashibodi hadi bampa la nyuma; soketi ya pini saba; viunganishi vya kubana, na mipira inayojikaza kwa moto; kinga ya plastiki ya kuvika waya; grometi za mpira, yaani pete za kulinda waya unapopita kwenye tundu; tai za plastiki; testa ya taa; multimita; koleo la kubania viunganishi, spana, na drili.

Ukubwa wa saketi breka unahesabika. Sumaku ya breki za inchi 10 hadi 12 ina ukinzani wa omu 3.2 hivi, kwa hiyo kwenye volti 12 inakula karibu ampea 4. Ekseli moja ina sumaku mbili: ampea 8. Ekseli mbili: 16. Hapo breka ya ampea 20 inatosha. Ekseli tatu zinakaribia 24, kwa hiyo unaweka ya 30. Watu huniuliza kwa nini isiwe fyuzi ya kawaida. Fyuzi ikiungua kwenye mteremko imeungua, na tela halina breki tena hadi usimame ubadilishe. Breka inapoa na kurudi.

Geji 12, ambayo ni nyembamba kuliko 10, inaweza kufanya kazi kwa ekseli moja au mbili. Lakini waya mwembamba na mrefu hula volti njiani, na volti inayoliwa njiani ni breki ambayo haikufika kwenye gurudumu. Tofauti ya bei kati ya 12 na 10 haifiki chakula cha mchana.

Nyaya nne

Kontrola nyingi zinazouzwa hapa hutoa nyaya nne. Mweusi unaenda chanya ya betri. Mweupe unaenda hasi. Mwekundu unapokea taarifa kutoka swichi ya taa za breki. Wa buluu unapeleka umeme kwenye breki za tela. Kazi yote ni hizo nne, na kati ya hizo inayowatoa watu jasho ni mwekundu, kwa hiyo anza nao wakati betri bado imeungwa, kwa kuwa unahitaji umeme wa kupimia.

Kuutafuta waya wa swichi ya breki

Lala chali miguuni kwa dereva, umulike juu kabisa ya mkono wa pedali ya breki. Utaona swichi ndogo ya plastiki yenye kijiti kinachosukumwa na pedali. Ndiyo inayowasha taa za breki. Tatizo ni kwamba swichi nyingi zina waya nne: mbili za taa, mbili za kuzimia krusi kontrola (ile ya kushikilia mwendo) au kufungulia gia. Na usiamini rangi. Rangi za nyaya ni makubaliano ya kiwanda, na gari la zamani limeshapita kwenye mikono mingi.

Bana kilipu ya testa kwenye chuma kitupu kisicho na rangi, kisha iguse kwanza mahali unapojua pana umeme, ili usije ukaambiwa uongo na kilipu isiyoshika. Mpe mtu kazi ya kukanyaga pedali. Sasa pima waya mmoja mmoja, kwa kuingiza ncha ya testa nyuma ya plagi ya swichi badala ya kutoboatoboa ganda.

Waya unaowasha testa muda wote ndio unaoleta umeme kutoka kwenye fyuzi, uache. Waya unaowaka pedali ikiwa juu na kuzimika ukikanyaga ni wa krusi. Uache kwa haraka zaidi, maana ukiuunga, kontrola itadhani umekanyaga breki safari nzima. Unaoutaka ni ule uliokufa pedali ikiwa juu, ukawaka ikikanyagwa, ukafa tena ikiachiwa.

Ukishaupata, washa indiketa kushoto, kulia, kisha hazadi, bila mtu kugusa pedali. Testa isiwake hata kidogo. Ikiwaka na kuzima pamoja na indiketa, umeshika waya wa taa ulioko baada ya swichi ya indiketa, na tela litakuwa linapewa taarifa ya breki kila ukikata kona. Upime tena ufunguo ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Weka alama ya tepu kwenye waya huo.

Nyaya zilizovikwa ganda la njano chini ya dashibodi ni za mifuko ya hewa. Usizipime, usizisogeze, usizikate.

Mahali pa kontrola

Iweke mahali ambapo mkono wako wa kulia unaifikia bila kutafuta, kwa sababu ile swichi yake ya kubonyeza kwa mkono, inayoshikisha breki za tela bila kukanyaga pedali, ndiyo utakayoihitaji tela likianza kuyumba. Ikae kwenye kitu kigumu. Kontrola ya uwiano ni lazima ielekee sawa na mwelekeo wa gari, isipinde kushoto wala kulia. Kuinama mbele au nyuma inategemea toleo, P3 kwa mfano inavumilia karibu kila mwinamo. Ya muda haijali. Ipishe mbali na redio ya mawasiliano, na magoti yako yasiigonge unapopanda. Kabla ya kutoboa, pitisha mkono nyuma ya plastiki uhakikishe hakuna nyaya, bomba au mfuko wa hewa wa magoti. Tumia skrubu zilizokuja kwenye boksi; ndefu zaidi ya hizo zinaweza kuingia ndani ya kisanduku na kuua bodi.

Umeme kutoka kwenye betri

Sasa fungua hasi ya betri uiweke pembeni.

Tafuta mahali pa kupitisha waya kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Magari mengi yana grometi kubwa ya mpira inayopitisha nyaya za kiwanda. Toboa tundu dogo pembeni mwake upitishe zako. Ukilazimika kutoboa chuma, angalia pande zote mbili kwanza, pulizia rangi kwenye chuma kilichokwanguka, na weka grometi. Waya unaosuguliwa na bati lenye ncha hauungui siku ya kwanza. Unaungua miezi sita baadaye ukiwa barabara kuu.

Funga saketi breka karibu na betri, mbali na chuma cha moto cha injini. Ina stadi mbili, yaani vijiboli vya kufungia waya: iliyoandikwa BAT inaenda kwenye chanya ya betri, iliyoandikwa AUX inaenda kwenye waya mweusi wa kontrola. Usifunge betri bado.

Waya mweupe upeleke wenyewe hadi kwenye nguzo ya hasi ya betri. Usiubane kwenye skrubu yoyote uliyoiona chini ya dashibodi. Breki za tela zinakula umeme mwingi, na hasi mbovu ndiyo inayoleta yale magonjwa ya ajabu: leo zinashika, kesho hazishiki, mvua ikinyesha zinanung'unika. Angalia mara mbili kabla ya kuunga, kwa kuwa kontrola nyingi hufa papo hapo chanya na hasi zikibadilishana.

Mwekundu na wa buluu

Unga mwekundu kwenye ule waya ulioutia tepu. Vile vibanio vya plastiki vya kukata ganda kwa haraka vinauzwa kila duka, na mimi siviweki kwenye breki. Menya ganda la waya wa gari kidogo, uzungushie mwekundu, uchome risasi, uvike mpira wa joto. Au kata uunge kwa kiunganishi cha kubana chenye mpira. Uvute kwa mkono. Ukitoka, bora utoke sasa.

Wa buluu unarudi nyuma. Upitishe pamoja na mweusi hadi kwenye injini, kisha ufuate chesisi hadi bampa la nyuma, umevikwa kinga. Ufunge kwa tai kila baada ya shibiri mbili hivi, mbali na bomba la moshi, bomba la mafuta, shafti inayozunguka na springi. Usiufunge pamoja na bomba la breki za gari.

Nyuma unaweka soketi ya pini saba. Zile nyaya nne za zamani zinaingia kwenye pini za taa: mweupe hasi, kahawia taa ndogo, njano kushoto, kijani kulia. Wa buluu unaingia kwenye pini ya breki. Inabaki ya umeme wa betri, ambayo hupewa waya wake mweusi kutoka kwenye betri kupitia saketi breka nyingine, na hiyo ndiyo itakayochaji betri ndogo ya tela. Ya katikati ni ya taa za rivasi. Ukipenda iache tupu. Fuata herufi au maandishi yaliyo ndani ya soketi yako, kwa sababu mchoro ukitazamwa kutoka mbele ni kinyume cha ukitazamwa kutoka nyuma, na hapo ndipo watu wengi hupeleka umeme wa betri kwenye breki.

Mweupe wa soketi nao uwe mnene na uende kwenye chesisi safi au kwenye betri. Usitegemee boli la kuvutia, ule mpira wa chuma unaoshika tela, kuwa njia ya hasi. Lina grisi na kutu.

Rudisha betri. Kabla ya kuchomeka tela, pima soketi kwa testa: pini ya breki iwe imekufa pedali ikiwa juu. Sukuma swichi ya mkono ya kontrola, pini ipate umeme, na taa za breki za gari ziwake pia.

Kulipima tela lenyewe

Kontrola mpya haiponyi tela bovu. Chomoa plagi ya tela kwenye gari, weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya breki na nyingine kwenye pini ya hasi ya plagi ya tela. Breki mbili za inchi 10 au 12 zisome karibu omu 1.6. Breki nne, karibu 0.8. Kabla ya kusoma, gusanisha ncha zenyewe uone multimita inasema ngapi, utoe hiyo. Ukipata 1.6 kwenye tela la breki nne, kuna sumaku mbili zisizofanya kazi, pengine waya umekatika ndani ya ekseli. Kila sumaku ina nyaya mbili za rangi moja na haijalishi upi ni upi: mmoja kwa wa buluu, mwingine kwa mweupe.

Kisha rudisha plagi ya tela kwenye gari, inua gurudumu moja moja kwa jeki, ulizungushe kwa mkono kuelekea mbele, na mwenzio abonyeze swichi ya mkono. Linapaswa kusimama. Ukisikia mvumo na gurudumu linaendelea kuzunguka, sumaku inapata umeme lakini viatu vimeisha au marekebisho yamelegea.

Kupanga nguvu

Tafuta eneo tupu, tambarare, kavu. Beba mzigo wako wa kawaida. Anza na nguvu ndogo, endesha maili 25 kwa saa, kilomita 40, kisha ubonyeze swichi ya mkono mpaka mwisho bila kugusa pedali. Tela linapaswa kuvuta gari nyuma kwa uthabiti. Ukisikia matairi yanalia au yamefunga, punguza. Ukihisi kama hakuna kitu, ongeza kidogo, rudia. Unachotaka ni nguvu kubwa kabisa isiyofunga magurudumu.

Breki zikiwa mpya hazitashika vizuri mwanzoni. Zipunguzie mwendo kutoka maili 40 hadi 20 mara 20 hadi 30, ukizipa muda wa kupoa, kisha panga upya. Na kila uzito ukibadilika sana, panga upya: nguvu ya tela lililojaa itafunga magurudumu ya tela tupu kwenye mvua.

Swichi ya kukatika

Kwenye mdomo wa tela kuna kisanduku chenye kamba ya waya na pini. Tela likichomoka kwenye gari, kamba inang'oa pini, na betri ndogo inafunga breki. Kwa tela la biashara, kanuni za serikali kuu zinataka breki hizo zibaki zimeshika kwa angalau dakika 15. Kamba ifungwe kwenye chesisi ya gari, isifungwe kwenye mnyororo wa usalama wala kwenye boli lenyewe. Ukitaka kuijaribu, chomoa kwanza plagi ya tela kwenye gari, kwa kuwa umeme wa betri ile unaweza kurudi kwenye kontrola na kuiharibu. Ng'oa pini, jaribu kusukuma tela, rudisha pini mara moja kabla betri haijaisha.

Ikikataa

Kontrola haiwaki kabisa: saketi breka, au mweupe. Inawaka lakini haioni tela: wa buluu umekatika, au plagi ina kutu. Prodigy P2 itaonyesha n.c. ukikanyaga pedali bila tela, na hilo si kosa. Ikionyesha S.H. kuna shoti kwenye wa buluu: chomoa plagi ya tela, ikipona, shoti iko kwenye tela, na mahali pa kwanza pa kutazama ni waya unaopita ndani ya bomba la ekseli, unaosuguliwa na kila shimo la barabara. Isipopona, rudi chini ya gari ufuate wa buluu kutoka soketi kwenda mbele, uanzie kwenye kila tai uliyoikaza kupita kiasi.